Karata Hamsini

Sanduku la pili lilipojaa, Ikuno aliinua mkono kumwita mhudumu, kisha akaufuta mkono huo pajani, mara mbili, kama mtu aliyeshika matumbo ya samaki. Haikusaidia. Tokeni za mashine za kamari, vile visarafu vya chuma visivyonunua hata kiberiti nje ya mlango, zilikuwa zimepita katika viganja vya maelfu ya watu, na jasho lao lote lilikuwa limehamia vidoleni mwake. Weusi wa mafuta mafuta, wenye harufu ya shaba iliyolambwa. Ilikuwa saa saba mchana. Alikuwa amekaa pale tangu saa tatu asubuhi, na hakuwa amefanya jambo lolote isipokuwa kushinda.

Mhudumu alikuja mbio, akapiga magoti, akalibeba sanduku kwa mikono miwili na kuliweka juu ya lile la kwanza, nyuma ya kiti, mahali ambapo kila apitaye sharti alione.

"Huyu bibi ana nyota," alisema mwanamume mmoja akipita. "Kila nikija namkuta amejaza."

"Nyota gani? Mashine ndiyo imempenda," mwenzake alijibu, na wote wawili wakatafuta viti karibu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ikuno alikuwa na miaka sabini na mmoja, nywele nyeupe, sweta la kufuma kwa mkono, na alilipwa kwa siku ili ashinde mbele za watu. Jioni alizirudisha tokeni, akapewa zawadi, akaziuza kwenye kidirisha cha nyuma kama wachezaji wote, na fedha akampelekea meneja ndani ya mfuko wa duka la tofu. Meneja Kashiwagi alikuwa amemweleza siku ya kwanza kwa nini alimchagua yeye. "Kijana akishinda, watu husema mjanja huyo. Bibi akishinda, kila mtu anajiuliza: kama yeye anaweza, mimi nina kasoro gani?"

Hakuifuata kazi hiyo kwa tamaa. Mwaka juzi nyumba aliyoishi na marehemu mumewe kwa miaka thelathini ilibomolewa ili pajengwe maegesho ya magari. Alizunguka kwa madalali kumi na mmoja. Wote walikuwa na adabu. Walimpa kiti, wakampa chai, wakamuuliza mdhamini wake ni nani. Hakuwa na mtoto, wala ndugu aliye hai. Basi wakafunga faili taratibu na kusema chumba kile kimeshachukuliwa. Dalali wa mwisho, binti wa miaka ishirini hivi, alimfuata mpaka barabarani na mwavuli, akamwambia ukweli: "Bibi, wenye nyumba wanaogopa mzee kufia ndani peke yake. Bila mtu wa kukugongea muhuri wake, hata ungekuwa na fedha za kujaza chumba, hupati." Kisha akamwachia mwavuli. Ikuno hakumsahau binti yule.

Aliyekuwa na muhuri ni Kashiwagi. Ikuno alikuwa na mazoea ya kuingia ukumbini kwake siku za baridi kunywa maji ya moto ya bure na kupasha magoti, na meneja hakumfukuza hata mara moja. Aliposikia habari zake alitoa kijiti chake cha muhuri, akakigonga kwenye mkataba, na Ikuno akainama mpaka paji la uso likagusa meza. Chumba cha upana wa mikeka minne na nusu, dirisha linaloutazama ukuta. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ungeisha mwezi wa tatu, na sasa mwezi wa pili ulikuwa katikati.

Wiki ile ile ya muhuri, meneja alimpa kazi na kumfundisha hesabu. Aliipenda hesabu, ilionekana machoni.

"Mimi siibi, bibi. Mwizi huikimbia hesabu. Mimi nalala nayo. Kila ukishusha kipini, mashine inachanganya karata elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita. Inachomoa moja, inaitazama, inairudisha. Basi. Hizo picha zinazozunguka ni ngoma tu ya kumchezesha mgeni. Jambo limeshaamuliwa kabla hujaondoa kidole."

"Na karata za bahati ni ngapi?"

"Hapo ndipo penye ufunguo." Alifungua tumbo la mashine moja akamwonyesha tarakimu ndogo nyekundu, kubwa kidogo kuliko punje ya mchele. "Zipo ngazi sita, na sheria inaziruhusu zote. Nikiweka sita, karata za bahati ni mia mbili na tisini. Nikiweka moja, mia mbili na arobaini."

"Tofauti karata hamsini tu?"

"Hamsini tu. Wewe ukikaa kwenye kiti hazionekani, hata ukikaa kutwa. Mimi nikikaa ofisini mwezi mzima naziona zote."

Mashine zilikuwa mia tatu. Yenye sita ilikuwa moja tu, nayo ni ile aliyokaa Ikuno; nyingine zote ziliwekwa ngazi ya moja.

Juu ya kila mashine palikuwa na kibao kinachohesabu mizunguko iliyopita tangu taa ya ushindi, ndogo, ya umbo la kobe, iwake mara ya mwisho. Namba hiyo ilikuwa ya kweli. Haikuwa na maana yoyote, kwa sababu karata iliyochomolewa hurudishwa na mashine haimkumbuki mtu, lakini ilikuwa ya kweli, na hakuna sheria inayokataza ukweli. Wachezaji waliisoma kama mkulima asomavyo mawingu. Mashine iliyokula muda mrefu walisema imeiva. Na mtu aliyezurura nyuma ya viti akisubiri mwenzake achoke, aondoke, ili akae yeye mahali palipoiva, walimwita fisi. Hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo ukumbini.

"Bibi Ikuno! Nilijua nitakukuta."

Alikuwa Chizuru. Alifanya kazi ya alfajiri katika jiko la kupika vyakula vya kufungasha, na kila Jumanne alimletea Ikuno mayai ya kukunja yaliyoharibika umbo, yaliyokataliwa kuingia kwenye visanduku. Aliyafunga kwa kitambaa safi kana kwamba ni ya mgeni wa heshima. Hakuwahi kusema ni mabaki. Alisema, "Nimekutengea."

"Mama hajambo?" Ikuno aliuliza, akilipokea furushi. Lilikuwa bado na vuguvugu.

"Yupo. Wiki ya tatu hii anakula uji mtupu. Jana kaona figili ya kuchachusha, akaitaka. Akaimumunya kama pipi, halafu akalia." Chizuru alicheka, lakini shingo yake haikucheka. Alitoa bahasha mkobani. Juu yake paliandikwa kwa kalamu nene: MENO YA MAMA. "Saa kumi leo daktari anampima meno ya bandia. Kaka zangu wamechanga yeni elfu tisini. Daktari anataka laki na ishirini."

"Watamalizia wao?"

"Kaka zangu?" Chizuru alimtazama kama aliyeuliza kama jiwe litatoa maziwa. "Ndiyo maana nimekuja. Nina elfu tano zangu mwenyewe. Hiyo bahasha siigusi, Mungu shahidi. Nakaa karibu yako, bibi, bahati yako ikimwagika na mimi nilowane." Akakaa mashine ya jirani. Kibao chake kilisoma mia tano arobaini. "Tena tazama! Inaiva hii."

Ikuno aligeukia mashine yake. Alishusha kipini chake. Taa ya kobe ikawaka, mashine ikapiga tarumbeta, tokeni zikamwagika kwenye beseni kwa kishindo cha mvua ya mawe. Chizuru alipiga makofi kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu anayeona jirani kapata.

Elfu tano ziliisha kwa dakika ishirini na tano.

Chizuru alikaa akitazama kibao. Mia sita themanini. Kisha akachukua bahasha, akaipasua pembeni kidogo, mahali ambapo ingeweza kugundishwa tena, na kuchomoa noti moja kwa vidole viwili. Hakumtazama Ikuno.

Noti ya pili ilitoka kwa urahisi zaidi. Ya tatu ilitoka pamoja na ya nne.

Ikuno alihisi mayai ya Chizuru yakipoa juu ya mapaja yake. Alijua tarakimu iliyo ndani ya tumbo la mashine ile, kwa sababu alijua tarakimu zilizo ndani ya matumbo yote. Alijua pia kwamba Chizuru hakukaa pale kwa ajili ya kibao. Kibao alikiona baadaye. Alikaa pale kwa ajili ya masanduku mawili sakafuni na kichwa cheupe cha bibi kilicho mbele yake. Nzi hanaswi na utando asiouona; hunaswa na sukari. Yeye Ikuno ndiye aliyekuwa sukari.

Alikifikiria chumba chake, picha ya mumewe juu ya kabati, madalali kumi na mmoja na chai yao. Akainamisha kichwa karibu na sikio la Chizuru.

"Binti yangu, ondoka hapo."

"Ee?"

"Hiyo mashine iko ngazi ya moja. Chini kabisa. Chukua zilizobaki uende kwa daktari, umwombe umlipe kidogo kidogo."

"Nani kasema iko moja?"

"Najua tu. Na hiyo namba hapo juu si kitu. Haiivi. Haikumbuki ilichokula, kila mara inaanza upya. Chizuru, ukiosha mchele, kila maji unayomwaga yanaondoka na punje mbili tatu, si ndiyo? Huzioni. Sasa osha mchele ule ule kutwa nzima. Jioni utapika nini?"

Chizuru aliacha mkono juu ya kipini. Alimtazama Ikuno usoni, kisha akayatazama masanduku mawili, kisha kibao chake mwenyewe. Mia nane kumi na tisa. Ikuno aliuona uso ule ukifunga, kama duka linavyofunga.

"Kumbe."

"Kumbe nini, binti yangu?"

"Imefika mia nane, ndiyo unaniambia niondoke." Sauti ilikuwa ndogo mwanzoni. "Nimeimwagia hela ya mama yangu, imeiva, sasa niinuke ukae wewe? Una masanduku mawili, bibi! Mawili! Na bado?"

"Sitaki kukaa. Naapa..."

"Kila Jumanne nakuletea mayai." Chizuru alisimama, na sasa sauti iliupita muziki wa mashine. "Fisi! Fisi mwenye mvi!"

Viti viligeuka. Mwanamume aliyesema habari za nyota alitema mate ya hewa upande wa Ikuno. Mwanamke mwingine, aliyebeba mkoba wa sokoni wenye kitunguu kirefu kilichochungulia nje, alisema wazee wa siku hizi hawana haya, na wengine wakaitikia.

Kashiwagi alifika bila kukimbia. Aliinama mbele ya Chizuru, kiuno kikakunjika kabisa, akakaa hivyo hivyo mpaka watu wakaona aibu kwa niaba yake. "Mteja wetu, tumekukosea sana. Tafadhali keti. Mashine ni yako, hakuna atakayeigusa." Kwa mkono wake mwenyewe alimwekea kopo la kahawa ya moto na taulo lenye mvuke. Kisha akamshika Ikuno kiwiko, kwa upole, kama mjukuu anayemvusha bibi yake barabara.

Hawajafika mwisho wa safu, tarumbeta ikalia nyuma yao. Ikuno aligeuka. Taa ya kobe ya Chizuru ilikuwa imewaka. Karata moja kati ya elfu sitini na tano, iliyochomolewa saa ile kwa sababu ilichomolewa saa ile. Safu nzima ikapiga makofi, na Chizuru, machozi yakimtiririka, alinyoosha kidole kwa Ikuno juu ya vichwa vya watu.

"Umeona? Umeona, bibi? Imeiva!"

Ofisini palikuwa na joto na harufu ya chai ya kukaanga. Mzee Dobashi alikuwa ameketi kwenye sofa. Zamani, kabla ya kustaafu, ndiye aliyekuwa akija kukagua kumbi hizi na kalamu nyekundu. Sasa alikuwa mshauri wao. Alikuja kunywa chai na kuondoka na tikiti la zawadi lililofungwa utepe.

"Kaa, bibi," alisema Kashiwagi, akamwekea mto. "Miguu hiyo."

"Amesema namba?" Dobashi aliuliza.

"Amesema. Kamera zetu zina masikio."

"Na mteja?"

"Kamwita fisi."

Dobashi alicheka mpaka akakohoa, chai ikamwagikia tai yake. "Basi hapana kesi. Siri isiyoaminika haina haja ya kufuli. Kashiwagi, hata ungeibandika ile tarakimu kwenye kioo!"

"Sheria hainiruhusu kuibandika, mzee. Ungeniandikia faini."

"Ningekuandikia," alikiri Dobashi, na wakacheka wote wawili.

Ikuno alingoja wamalize. "Bwana meneja, kazi hii siiwezi tena."

"Sikulazimishi." Kashiwagi aliketi mbele yake, magoti yakikaribiana. Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa nayo. "Mkataba wa chumba unaisha mwezi wa tatu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Muhuri ninao. Sijasema kitu, bibi. Nimeuliza tu." Alichukua karatasi mezani, yenye mistari na namba. "Ipo kazi nyingine. Safi. Haina uongo hata chembe. Tumepima kwa miezi mitatu. Mteja aliyeliwa sana, akiletewa taulo la moto na msichana wa sare, anakaa dakika kumi na moja zaidi kabla ya kuondoka. Yule mfagiaji wetu wa zamani, mama mtu mzima, alikuwa akiwapelekea kwa hiari yake, akiwaonea huruma. Walikaa dakika arobaini."

"Huruma mmeipimaje?"

"Kwa saa." Alisema bila kejeli, kama mtu anayejibu swali la kawaida. "Sitaki umdanganye mtu. Mpe taulo, mwambie pole. Najua utaisema kwa moyo wako wote. Ndiyo maana nakutaka wewe na si mwingine."

Ikuno alitafuta neno. Alitafuta katika miaka sabini na mmoja yote, na maneno yaliyokuja yalikuwa ya shukrani, kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa kuyasema mbele ya mtu mwenye muhuri. Hayo hakuyasema. Kashiwagi alipokea kikapu kutoka kwa msichana mlangoni akakiweka juu ya mapaja ya Ikuno. Mataulo yalikuwa yamekunjwa vizuri, yanafuka mvuke. Joto lilishuka mpaka kwenye magoti yanayouma, na magoti yalilipenda, na Ikuno akayachukia magoti yake.

Alirudi ukumbini na kikapu saa kumi na moja kasoro robo. Kiti chake cha zamani kilikuwa kimekaliwa na bibi mwingine, mwenye kofia ya pamba, sanduku moja nyuma yake. Chizuru alikuwa pale pale. Beseni lake lilikuwa tupu. Bahasha ilikuwa imelala juu ya meza ya mashine, imepasuliwa sasa mpaka chini, tambarare, neno la kwanza limechanika katikati.

Ikuno alisimama kando yake. "Pole, binti yangu," alisema. Na ilitoka moyoni, yote, hakuweza kuizuia.

Chizuru aliinua uso. Alimtambua. "Bibi. Nisamehe. Nilikutukana mbele za watu." Alipokea taulo kwa mikono miwili, akazika uso ndani yake, akakaa hivyo, mabega yakipanda na kushuka. Mvuke ulimzunguka masikio. Alipolitoa, taulo lilikuwa limebaki na alama ya kijivu ya macho na mdomo.

"Afadhali," alisema, akivuta pumzi. "Sasa naona vizuri. Imefika mia nne tu. Mara ile ilitoa ilipofika mia nane na kitu, kwa hiyo najua inakoelekea." Alipapasa mfuko wa koti, akapata pochi yake ya nauli na kuimimina kiganjani.

"Chizuru, mama anakusubiri."

"Ndiyo, najua. Asante, bibi. Bila wewe ningekuwa nimeshaondoka."

Katika safu ya pili mtu alikuwa ameona. Taa ya kumwitia mhudumu iliwaka juu ya mashine yake, ya njano. Kisha nyingine, upande wa pili. Kisha tatu kwa pamoja karibu na ukuta, na sauti ya mwanamume, yule yule wa nyota, ikaita kwa unyonge, bila dharau tena, "Bibi, na huku. Bibi, tafadhali, na mimi." Taa ziliendelea kuwaka safu baada ya safu mpaka mwisho wa ukumbi, na kikapu mikononi mwa Ikuno kilikuwa bado kimejaa, bado cha moto.